Theluji haiondolewi, inahamishiwa mlangoni kwangu: tuliochoshwa na magari ya jiji tukutane hapa

Beleshi Refu (mleta uzi)

Wakuu, habari za asubuhi. Naandika vidole vikiwa bado vinawaka moto kwa baridi, kwa hiyo mnivumilie herufi zikirukana.

Usiku wa kuamkia leo imeanguka theluji ya sentimita 20 hivi. Si ya kutisha, tumeshaona kubwa kuliko hiyo. Nikaamka saa 10 alfajiri, nikachukua beleshi, nikasafisha njia ya gari kuanzia mlango wa gereji mpaka barabarani. Dakika 50. Nikaingia ndani kubadilisha soksi. Ndipo nikasikia ule mngurumo, na zile taa za rangi ya chungwa zikapita ukutani. Nikajisemea, leo wamewahi, Mungu awabariki.

Natoka kuwasha gari, nakutana na tuta. Linanifika juu ya goti, limeziba njia nzima, na ndani yake kuna vibonge vya barafu ukubwa wa tofali. Kazi yangu yote ya alfajiri iko nyuma yake, safi kabisa, haina pa kutokea.

Sasa hoja yangu ni hii. Kila msimu wa baridi tunalalamika kwamba gari la jiji limechelewa. Mimi hilo nimeshaliacha. Kinachoniuma ni kwamba hata likiwahi, theluji haiondoki. Inatolewa katikati ya barabara, inaletwa kukaa mlangoni kwangu, kwenye kituo cha basi, kwenye kona za kuvukia. Wanaita kusafisha. Mimi naona ni kuhamisha tu, na anayehamishiwa haulizwi.

Nimepiga hesabu kwa hasira. Theluji mpya ikianguka ni nyepesi, mita moja ya ujazo ina kilo 50 hadi 100 tu. Ikishasukumwa na jembe la chuma inashindiliwa, inachanganyika na tope la chumvi, na mita hiyohiyo inafika kilo 400 bila shida. Tuta langu lina urefu wa mita 4, kimo cha nusu mita, kitako cha sentimita 80, na juu limechongoka. Hizo ni kilo 320, wakuu. Kwa beleshi. Kabla ya kwenda kazini. Kila mwaka madaktari wa moyo wanaonya watu kuhusu kubeba theluji nzito ghafla kwenye baridi, maana mishipa imebana na moyo unalazimishwa kukimbia. Nina mashaka kama aliyepanga ratiba ya magari aliwahi kuwasikia.

Nikafungua ramani ya jiji mtandaoni, ile inayoonyesha magari ya theluji yalipopita. Mtaa wangu umepakwa kijani: umesafishwa.

Na msisahau sheria. Nikichukua hilo tuta nikalirudisha barabarani lilikotoka, napigwa faini. Jiji likinimwagia mimi ni huduma, mimi nikilirudishia ni kosa.

Wenzangu mnaishije na jambo hili? Kuna mtu amewahi kulalamika akasikilizwa? Nawasilisha.

---

Kofia ya Sufi

Nimeshachukua siti ya mbele. Uzi huu utakuwa mrefu.

---

Mtaa wa Mwisho

Mkuu, wewe unalia kwa sababu gari limepita. Huku kwetu leo siku ya tatu hatujaona hata taa yake. Ningeletewa hilo tuta lako ningelipokea kwa mikono miwili.

Mtaa wetu ni wa kutokea upande mmoja, mwisho wake umezibwa. Magari yamechimba mifereji miwili kwenye theluji, sasa imeganda imekuwa kama reli. Ukiingiza tairi humo huwezi kugeuza, unakwenda inakokupeleka. Jana mtu alitaka kumpisha mwenzake, wakabaki wanatazamana kama mbuzi wawili kwenye daraja. Tulisukuma nusu saa.

Nilipiga simu jijini. Dada akaniambia kwa upole sana kwamba mtaa wetu "upo kwenye orodha". Nikamuuliza upo wa ngapi. Akacheka kidogo. Hakujibu.

---

Kofia ya Sufi

> *Mtaa wa Mwisho alisema: Nikamuuliza upo wa ngapi.*

Hahaha. Kule Minnesota wananchi hupiga kura kuyapa majina magari ya theluji, na Scotland magari ya kumwaga chumvi yana majina ya utani unayaona yakitembea kwenye ramani. Hilo la kwenu mngelibatiza "Nitakuja Kesho".

---

Zamu ya Usiku

Nimesoma uzi mpaka hapa nikaona nisipojibu sitalala. Mimi ndiye mnayemsema. Naendesha gari la theluji, msimu wa tisa huu. Si katika jiji la mleta uzi, lakini kazi ni ileile.

Kwanza tuta. Jembe la mbele huwekwa kwa pembe, haliwezi kukaa limenyooka, maana theluji ingejikusanya mbele yangu mpaka gari lishindwe. Kwa hiyo inamwagika upande mmoja. Nchi zinazoendesha kulia inamwagika kulia, zinazoendesha kushoto inamwagika kushoto, yaani daima upande wa nyumba. Mahali penye ukuta wa theluji pembeni, mzigo unaendelea kubebwa. Nikifika kwenye njia yako uliyoisafisha vizuri, ukuta unakatika, na mzigo unapata pa kuangukia. Kwa maneno mengine, kadiri ulivyosafisha vizuri ndivyo unavyopokea theluji nyingi. Najua inaudhi. Siichagui nyumba yako, nakuapia.

Pili, huyu wa mtaa wa mwisho. Orodha ipo kweli, na inakwenda hivi: kwanza barabara kuu, njia za hospitali na zimamoto, na njia za mabasi. Halafu barabara zinazokusanya magari kutoka mitaani. Mitaa ya makazi ndiyo ya mwisho. Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba theluji ikianza kuanguka upya kabla sijafika chini ya orodha, nageuza narudi juu kuanza upya. Ikianguka kidogokidogo siku tatu mfululizo, mtaa wenu unaweza usiguswe kabisa ingawa sijazima injini. Sijalala ndani ya gari, ndugu yangu. Nimeipita barabara kuu ileile mara 11.

Tatu, chumvi. Watu wanapiga simu wakifoka: mbona hammwagi chumvi? Chumvi haichomi barafu kwa uchawi. Inashusha kiwango cha maji kuganda, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, ile chumvi ya kawaida inafanya kazi polepole mno, ni kama kupoteza. Hapo tunamwaga mchanga au kokoto ndogo ili tairi lipate pa kushika, au tunachanganya chumvi za aina nyingine zinazostahimili baridi zaidi, ambazo ni ghali. Kama hali ya hewa inatabirika, tunamwaga maji ya chumvi barabarani kabla theluji haijaanguka ili isishikane na lami. Mnaona ile mistari myeupe barabarani siku ya jua? Ndiyo hiyo. Na bado kuna mtu hupiga simu kusema tunapoteza chumvi siku ya jua.

Mleta uzi, nikupe siri moja ya bure. Simama kwenye njia yako ukiitazama barabara. Kama mnaendesha upande wa kulia, theluji yako yote iweke mkono wako wa kulia, usiweke kushoto. Halafu, pembeni mwa barabara, kushoto kwa njia yako, chimba mfuko: mita 3 au 4 za urefu, hadi ukingoni. Gari linatokea kushoto kwako. Likifika kwenye mfuko linamwaga mzigo mle kabla ya kukufikia. Halitakuja tupu, lakini litakuja na kidogo. Kwa wanaoendesha kushoto, geuzeni.

Kuna siku mtu alinirushia beleshi lenyewe, si theluji. Lilipiga kioo cha pembeni. Nilikuwa na saa 13 kazini.

---

Beleshi Refu

Zamu ya Usiku, kwanza pole, na asante kwa kujitokeza. Mfuko nitauchimba leo jioni.

Ila niulize kwa heshima. Hakuna kifaa cha kulizuia tuta kwenye milango ya watu? Niliwahi kuona gari lina bamba pembeni ya jembe, dereva analishusha akifika mlangoni.

---

Zamu ya Usiku

Kipo. Sisi tunaliita lango. Unalishusha sekunde chache, theluji inabaki mbele ya jembe, ukishavuka mlango unalipandisha. Kuna miji inalitumia kwenye mitaa ya makazi. Shida yake ni kwamba linapunguza mwendo, na mtaa wenye milango mingi iliyosongamana hupati hata pa kuutua mzigo.

Na nikwambie ukweli ambao bosi wangu hataupenda. Mwisho wa zamu sipimwi kwa matuta. Napimwa kwa kilomita. Hakuna fomu yenye mahali pa kuandika nimeziba milango mingapi.

---

Mtaa wa Mwisho

Basi tumejibiwa. Mods wekeni hili jibu juu.

---

Magurudumu Mawili Makubwa

Nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi humu, leo niseme.

Natumia kiti cha magurudumu. Mnazungumzia milango ya magari, sawa, lakini njooni kwenye kona. Pale ukingo wa njia ya miguu ulipolazwa ili magurudumu yashuke, ndipo magari mawili yanapokutana kutoka barabara mbili, na kila moja linaacha tuta lake. Kwa hiyo mahali pekee ninapoweza kuvuka ndipo penye mlima kuliko mahali pengine popote. Watu wenye miguu wanakanyaga juu, wanachonga kijinjia chembamba cha kupita mguu mmoja mmoja kama mbuni. Mimi nabaki nimesimama, au niseme nimekaa.

Njia ya miguu nayo ni kiraka. Miji mingi inamwachia kila mwenye nyumba asafishe mbele yake. Huyu kasafisha mpaka zege linang'aa, jirani yake kasafiri, wa tatu ni jengo ambalo halijulikani la nani. Nikikwama mbele ya nyumba ya pili, usafi wa ile ya kwanza haunisaidii kitu. Fikirini kama barabara za magari zingesafishwa hivyo, kila mtu mita zake 10 mbele ya nyumba yake akipenda. Serikali ingeanguka ifikapo saa 4 asubuhi.

Matokeo yake napita barabarani, pamoja na malori. Madereva wananipigia honi kama vile nimependa.

---

Mama Pacha

Dada yangu, nakazia. Nina kigari cha watoto wawili. Gari dogo linapita kwenye theluji ya sentimita 10 bila kuhangaika. Jaribu kusukuma kigari chenye watoto wawili humo. Magurudumu ya mbele yanazama, unaishia kukivuta kinyumenyume kama unaiba mzigo.

---

Msoma Ramani

Hapo Mama Pacha umegusa jambo ambalo Wasweden walilifanyia kazi. Mji wa Karlskoga, mwaka 2011, waliangalia upya utaratibu wao kwa kuuliza: huu mpangilio wa kusafisha unamfaa nani? Walikuwa wanaanza na barabara kubwa kama kila mtu. Wakagundua kwamba wanaoendesha gari asubuhi wengi ni wanaume, na wanaotembea kwa miguu, baiskeli na basi wengi ni wanawake. Na kwamba kwenye utelezi wanaoumia ni watembea kwa miguu kuliko walio ndani ya magari. Wakageuza orodha: njia za miguu na baiskeli kwanza, hasa karibu na shule za watoto wadogo na sehemu za kazi, halafu barabara kuu.

Theluji ni ileile. Walibadilisha tu mahali pa kuanzia.

---

Injini Baridi

> *Msoma Ramani alisema: Wakageuza orodha.*

Malizia hadithi basi. Stockholm nao wakaufuata mtindo huo. Novemba 2016 ikawaangukia theluji ya karibu sentimita 40 kwa siku moja, nyingi kuliko Novemba yoyote katika miaka zaidi ya 100. Mabasi yakasimama, watu wakalala njiani, na dunia nzima ikawacheka.

Nakubali mama na kigari ana haki. Ila gari la wagonjwa halipiti kwenye njia ya miguu.

---

Msoma Ramani

Injini Baridi, siku ya sentimita 40 mji wowote unasimama, hata uanzie wapi. Mimi sisemi gari la wagonjwa lisubiri. Nasema siku ya kawaida ya sentimita 10, ambayo ndiyo nyingi, gari litapita tu. Bibi wa miaka 70 hatapita.

---

Injini Baridi

Hilo la siku ya kawaida nakuachia. La siku ya dhoruba sikubali.

---

Kura Moja

Wakuu, mleta uzi aliuliza kama kuna aliyelalamika akasikilizwa. Jibu ni ndiyo, kwenye sanduku la kura.

Chicago, Januari 1979. Theluji ya zaidi ya nusu mita ndani ya siku mbili, juu ya nyingine iliyokuwa haijaondolewa. Mitaa haikupitika. Treni za mjini, ili ziende haraka, zikaacha kusimama kwenye baadhi ya vituo, na vituo hivyo vilikuwa vya mitaa ya watu weusi. Watu wamesimama kwenye baridi wanatazama treni inawapita. Mwezi uliofuata kukawa na kura ya mchujo ya chama cha Democratic. Meya Michael Bilandic, ambaye nyuma yake kulikuwa na mtandao wa chama usioshindika, akashindwa na Jane Byrne, na Byrne akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Chicago.

Denver nao, dhoruba ya mkesha wa Krismasi 1982, karibu sentimita 60. Jiji likazidiwa vibaya. Mwaka uliofuata meya William McNichols akaondolewa, akaingia Federico Peña.

Ila msishangilie sana. New York, Februari 1969, eneo la Queens lilikaa siku kadhaa bila kusafishwa, watu zaidi ya 40 walikufa katika jiji zima, na meya John Lindsay alipokwenda kuwatembelea wakaazi alizomewa. Gari lake lenyewe lilikwama. Chama chake kikamkataa kwenye mchujo. Novemba hiyohiyo akagombea kwa chama kingine na akashinda. Theluji ilikuwa imeshayeyuka zamani.

---

Kofia ya Sufi

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo siri yao wote. Wanasubiri mwezi wa nne.

---

Theluji Mtaji

Mleta uzi anasema theluji inahamishwa tu. Ni kweli kwa miji mingi, ila si yote. Montreal wanaiondoa kweli, na nawaeleza ili mjue gharama yake.

Kwa mwaka inaanguka mita 2 hivi. Kwanza majembe yanasukuma, pamoja na vigari vyembamba vya njia za miguu, ambavyo ni vya jiji, si vya mwenye nyumba. Halafu, theluji ikiwa nyingi, wanakuja kuizoa. Wanaweka mabango ya kukataza kuegesha. Muda ukifika wanapita na king'ora cha kuamsha waliolala. Usipotoka, gari lako linaburuzwa mtaa wa pili, na asubuhi unalitafuta kama mbuzi aliyekata kamba. Kisha linakuja lile dubwana la kunyonya tuta na kulirusha kwa bomba ndani ya lori linalotembea sambamba nalo. Lori likijaa, jingine linaingia nafasi yake. Theluji nyingine inakwenda kutupwa kwenye machimbo ya zamani ya mawe, mlima mkubwa sana, mweusi kwa uchafu, na unaukuta bado una barafu wakati watu wamevaa kaptula.

Sasa kaeni mfikirie malori, mafuta, madereva na zile siku kadhaa za kumaliza mzunguko mmoja. Na wakaazi wa kule bado wanalalamika, usidhani. Wanalalamikia king'ora.

---

Mtaa wa Mwisho

Mimi king'ora hicho nipigieni hata chini ya kitanda.

Taarifa: limepita! Saa 8 mchana. Limepasua ile mifereji, limesukuma kila kitu mwisho wa mtaa na kutengeneza mlima mbele ya nyumba ya mzee wa watu ambaye hana hata gari. Watoto wameshapanda na mbao za kutelezea. Mzee katoka, kautazama, karudi ndani.

---

Beleshi Refu

Wakuu nimerudi. Jana jioni nilichimba mfuko kama nilivyoelekezwa, mita 4, kushoto kwa njia yangu, mpaka ukingoni. Jirani akaniuliza natafuta nini.

Usiku imeanguka tena, sentimita 12. Saa 11:40 alfajiri nilikuwa dirishani nimezima taa. Likaja. Nikaona kwa macho yangu mzigo unaingia kwenye mfuko kama maji kwenye mtaro. Mlangoni kwangu limebaki tuta la kifundo cha mguu. Dakika tano nimemaliza. Zamu ya Usiku, popote ulipo, upumzike vizuri.

Halafu nikatoka na gari, nikatazama kushoto. Ule mfuko nilikuwa nimeuchimba palepale watu wanaposhukia kutoka njia ya miguu kuvuka kwenda kituo cha basi. Kilo zangu 320 zote zimekaa hapo. Kuna mwanamke alikuwa ananing'inia juu yake na mkoba mkononi.

Nimezima gari. Nimechukua beleshi.

---

Magurudumu Mawili Makubwa

Nipimie sentimita 90, kaka. Chini ya hapo sipiti.

---

Beleshi Refu

Nimepima kwa mpini wa beleshi, dada. Imefika mita moja na ushee. Kazini nimechelewa dakika 35.